Maua Bila Ua

Huku kwetu Nakuru mmea wowote uliopandwa kwenye chungu na kuwekwa dirishani huitwa maua. Hauulizwi kama umechanua. Mtu akihama nyumba utamsikia akimwambia kijana wa mkokoteni, "Chunga hiyo maua yangu isivunjike," na kumbe anasema kuhusu majani matupu yaliyo kwenye mkebe wa Kimbo. Mwalimu wa Kiswahili atakunja uso, ila mimi naona lugha hii ya mtaani imetufichua. Tunakiita kitu kwa jina la kile tunachongoja kitupe.

Ndipo nikaanza kujiuliza swali ambalo huenda wengine wataliona la kipuuzi. Mmea ukitunzwa miaka mitatu, ukanyweshwa, ukafutwa vumbi, na usichanue hata mara moja, je, kuna mtu aliyekosewa hapo? Ni mmea, au ni mwenye nyumba?

Mmea ninaousema ni kalankoe. Bila shaka umeuona. Majani yake ni manene, yana kingo za mawimbi, yanang'aa kama yamepakwa mafuta, na juu yake husimama vishada vya maua madogo mekundu, ya manjano, ya waridi au ya rangi ya chungwa. Wauza miche wa kando ya barabara kuu huupanga mstari wa mbele kwa sababu rangi hizo humfanya mwenye gari apunguze mwendo. Asili yake ni Madagaska. Jina lake la kitaalamu limembeba Robert Blossfeld, mfanyabiashara wa mbegu wa Potsdam, Ujerumani, aliyeusambaza Ulaya miaka ya 1930. Tangu hapo umekuwa mmea wa mezani dunia nzima, na umerudi Afrika ukiwa na sura ya mgeni, ingawa jamaa zake wa porini wako hapa hapa Kenya, wanamea vichakani na kwenye mawe, na hakuna anayewaita maua.

Kuutunza ni kazi ya kujizuia. Maji yake umeyaweka akiba ndani ya majani, kwa hivyo ukiumwagilia kila siku mizizi itaoza na shina litalegea kutoka chini. Chomeka kidole kwenye udongo. Kikitoka na unyevu, ondoka. Udongo wa Nakuru unausaidia, maana ni wa volkano, mwepesi, unapitisha maji upesi, ukichanganya na kokoto ndogo umemaliza. Mimea ya aina hii haifi sana kwa kusahauliwa. Hufa kwa kukumbukwa kila asubuhi.

Kingine ni kwamba kazi yake nyingi huifanya usiku. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana ili kuvuta hewa ya kaboni. Kalankoe na jamaa zake, kwa kuwa walizoea ukame, huvifunga jua likiwaka ili maji yasipotee, na kuvifungua giza likiingia. Hewa iliyoingia hugeuzwa asidi, ikahifadhiwa mpaka jua litoke. Mwaka 1813 Benjamin Heyne, mtaalamu wa mimea aliyekuwa akifanya kazi India, aliandika kwamba jani la mmoja wa jamaa hao ukilitafuna asubuhi ni kali sana, na kufikia adhuhuri ukali umekwisha. (Wewe usijaribu. Kalankoe ina sumu inayogusa moyo, na mbuzi au paka akiila anaweza kufa.)

Kuchanua pia huamuliwa usiku. Wamarekani wawili, Garner na Allard, walichapisha mwaka 1920 utafiti ulioonyesha kwamba mimea mingine hupima urefu wa siku kabla ya kutoa maua. Mwaka 1938 Hamner na Bonner wakaenda mbele zaidi: kinachopimwa hasa ni giza, na giza hilo likikatizwa kwa mwanga hata wa muda mfupi, hesabu yote inavurugika. Kalankoe ni wa kundi hilo. Wakulima wanaoutaka uchanue huupa giza la saa 14 hivi kila siku, kwa wiki kama sita, ndipo vitumba huanza kuchomoza. Nasi tuko Ikweta. Usiku wetu ni wa saa 12 hivi, Januari mpaka Disemba, na hauna ziada ya kupoteza. Taa ya sebuleni ikiwaka mpaka saa tano usiku, kwa mmea ni kama jua limekataa kutua.

Wafanyabiashara wa maua wanaijua siri hii vizuri. Ukipita Naivasha usiku utaona baadhi ya nyumba za plastiki za mashamba ya maua ziking'aa kama kuna harusi ndani. Kuna mmea unaoitwa haiperikamu, ule wenye vitunda vidogo vinavyochanganywa na waridi kwenye shada. Huo unataka siku ndefu, na Ikweta haina siku ndefu, basi hupewa stima usiku ili udhani uko Ulaya mwezi wa Juni. Krisanthemamu ni kinyume chake. Unataka giza ndipo uchanue, kwa hivyo pale ambapo shamba linataka vipandikizi tu, huwashiwa taa usiku ili usichanue. Kwa hivyo ndani ya kaunti moja kuna mimea inayodanganywa ili ichanue na mingine inayodanganywa ili isichanue, na yote haijui. Simlaumu mtu. Watu wengi wa Karagita na Kasarani wanalipa kodi ya nyumba kwa udanganyifu huo, na mmea hauna uwezo wa kuhisi umechezewa. Nataka tu ulikumbuke jambo hili, maana nitalirudia nikifika kwa binadamu.

Sasa niseme habari za mama yangu, maana yeye ndiye aliyenisukuma kwenye fikira hizi.

Dada yangu alimnunulia kalankoe miaka mitatu iliyopita, ikiwa imejaa maua ya rangi ya chungwa. Yalikaa kama miezi miwili, yakakauka, mama akayakata. Tangu siku hiyo ni majani tu. Ni majani mazuri, ya kijani kizito, na mmea umekuwa mpana mpaka umehamishiwa kwenye ndoo ya rangi iliyotobolewa chini. Mama huunywesha maji ya mvua. Si kwa sababu ya sayansi yoyote. Anasema tu maji ya mfereji yaliyotuchoma meno yakawa ya kahawia hawezi kumpa mtu mwingine yeyote. Aliposema "mtu" sikumrekebisha.

Unakaa dirishani sebuleni, na taa ya sebuleni haizimwi.

Wiki ya mwisho ya Januari 2008, vurugu za baada ya uchaguzi zilipoingia Nakuru, tulikuwa tunaishi mtaa ambao sitautaja, kwa kuwa majirani wa pande zote mbili bado wako pale. Tulizima taa zote ili nyumba ionekane haina watu. Usiku tatu tulikaa sakafuni, mama na sisi watoto watatu, tukisikiliza nje. Mimi ndiye mdogo, na ninachokumbuka zaidi ni kiganja chake kwenye mdomo wangu, kilivyonuka vitunguu. Baadaye tukalala uwanja wa maonyesho ya kilimo pamoja na maelfu ya wengine, chini ya turubai. Tulipopata nyumba tena mama aliwasha taa ya sebule, akaacha mlango wa chumba chake wazi ili mwanga umfikie, na hajawahi kuizima. Tokeni za stima ndicho kitu cha kwanza anachonunua akitoka sokoni. Stima ikipotea ana taa ya sola, na ile Agosti 25, 2023, giza lilipoikumba karibu nchi yote, aliwasha sola, akakaa macho hadi ikaanza kufifia, akawasha ya pili.

Sisi watoto hatukuwahi kulizungumza. Lilikuwa kama fanicha, unalizunguka. Ni mmea uliolifanya liwe neno. Dada alikuja Krismasi akasema, "Mama, hiyo si ishakufa? Tupa nikuletee ingine yenye maua." Mama akamjibu, "Imekufa wapi na unaona majani?" Mimi nilikuwa nishasoma kuhusu giza, nikaona afadhali nimwambie mwenyewe.

"Mama, hii maua haichanui kwa sababu ya taa. Inataka giza."

"Giza la nini?"

"Saa kumi na nne hivi kila siku. Kwa wiki sita."

Akacheka. "Kwa hivyo mimi nilale gizani ndio inipe maua?"

Nikamwambia si lazima. Jioni anaweza kuipeleka jikoni na kuirudisha asubuhi. Au aifunike na katoni.

"Jikoni itaona nini? Na hiyo katoni, si ni kama kuifungia?" Akapangusa jani moja kwa kidole. "Kwani imekosa nini? Wacha ikae."

Kwani imekosa nini. Nilirudi kwangu na swali hilo na halijaniacha, kwa sababu kwa Kiswahili ni maswali mawili. Imepungukiwa na nini? Na imefanya kosa gani?

Tuanze na upungufu. Aristotle alifundisha kwamba kila kiumbe kina ukamilifu wake, na wa mmea ni kukua na kuzaa mfano wake. Ua basi ni njia ya kufika kwenye mbegu. Lakini ua la sebuleni haliendi popote. Hakuna nyuki, hakuna mmea wa pili wa kupelekewa chavua, na vishada vikikauka tunavikata kwa makasi. Isitoshe, kalankoe huzaliana kwa kuvunjwa kitawi na kuchomekwa, bila kungoja ua lolote. Ukiupa mwanga mwingi hauteseki, unaongeza majani tu. Ninavyoona mimi, mmea wa mama haujapungukiwa na chochote ambacho mmea unaweza kukihitaji. Aliyepungukiwa ni sisi tunaopita pale sebuleni na kuutazama.

Kuhusu kosa. Ni ajabu jinsi tunavyoanza kuukasirikia mmea usiochanua. "Nimeupa maji, nimeupa mbolea, na bado." Hiyo "na bado" ni lugha ya mdai. Neno letu kutunza lenyewe lina sura mbili. Unamtunza mtoto, unamtunza mgonjwa; na kwenye taarabu unamtunza mwimbaji, yaani unainuka na noti mkononi kwa sababu ameimba vizuri. Tunza ya kwanza inatangulia, haingoji wimbo. Ya pili ni malipo. Nafikiri wengi wetu tunaanza na ile ya kwanza, halafu, bila kujua ni siku gani, tunakuwa tumehamia ya pili. Nimeona watu wakimuuguza mzazi kwa moyo wote mpaka walipogundua kwamba hatapona, na wema wao ukabadilika sauti.

Kaka yangu hakubaliani na hata nusu ya haya. Nitamtendea haki, kwa sababu hoja zake ni nzito kuliko anavyozisema.

Anasema, kwanza, mama si maua. Hapo ana haki kabisa. Anasema woga si sawa na kutochanua. Woga ni ugonjwa, na mtoto anayemwacha mzazi na ugonjwa wake kwa jina la heshima ni mvivu aliyepata maneno mazuri. "Ungemwacha na jino bovu?" aliniuliza. Alijitolea kumlipia mshauri. Mama akaenda mara moja, akasema yule msichana ni mzuri, ana adabu, na hakurudi. Ndipo kaka akanunua balbu ile inayozimwa kwa simu. Mpango wake ulikuwa aifunge pale sebuleni, awe anaizima saa saba usiku mama akiwa usingizini, kisha saa sita, kisha saa tano, mpaka mwili uzoee.

"Hatajua," akasema.

Nikamwambia hilo ndilo tatizo. Akanijibu kwamba mimi mwenyewe nilikuwa nishamshauri mama afunike mmea kwa katoni. Kweli nilishauri, na bado naona ni sawa, kwa sababu mmea hauna jambo uliloamua. Haukuchagua mwanga. Mama amechagua. Taa ile ni kauli yake ya kila usiku tangu 2008, hata kama ni kauli ya woga, na kuizima kwa siri ni kumjibu mtu mzima kama tunavyojibu krisanthemamu ya Naivasha. Ukiamka usiku kwa haja ndogo ukakuta giza ulilolikimbia miaka hiyo yote, utaambiwa nini? Kwamba ni wanao?

Ila naye akanishika mahali ambapo sikuwa na jibu la haraka. Kaka anafanya kazi upande wa Marigat, na nyumba aliyopanga haina stima. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa huko. Mama, ambaye kwa wajukuu wengine hufika kabla ya kitovu kuanguka, hakwenda. Alituma nguo, akatuma unga wa uji, akasema viazi vimemshika sokoni. Miezi minne ilipita. "Hiyo ndiyo bei," kaka akasema, "na wewe si unayeilipa." Kweli, anayelipa ni yeye.

Kwa hivyo siwezi kusema tu kwamba kila kisichochanua kiko sawa. Mmea wenye shida hujulikana. Shina hurefuka likawa jembamba, nafasi kati ya jani na jani hupanuka, rangi hupauka, mmea mzima hulalia upande mmoja ukiutafuta mwanga. Kutochanua si mojawapo ya dalili hizo; lakini mtu asiyeutazama mmea kwa kuwa anatazamia ua pekee, hata dalili hizo hatazigundua. Nikimtazama mama kwa macho hayo namwona anayeamka saa kumi na moja, anayepanga viazi vya Molo pale soko la Wakulima, anayegombana na wanachama wa chama chake na kupatana nao, anayecheka mpaka anapangusa macho. Hajapauka. Mahali pamoja tu ndipo alipolala upande, na hapo pana mjukuu.

Tulichofanya hakikuhitaji falsafa nyingi. Kaka alinunua taa mbili za sola kubwa, zile za kuning'iniza, akampigia simu akamwambia ukweli: Mama, hapa hakuna stima, lakini kuna taa mbili, zinawaka mpaka asubuhi, njoo ulale nazo. Alikwenda. Alilala usiku mbili, akarudi na asali ya Baringo na picha mia za mtoto. Kaka anasema hiyo ni hatua ya kwanza kuelekea kuzima. Mimi nasema haikuwa hatua kuelekea popote, alitaka kumwona mjukuu akamwona. Tunabishana mpaka leo kwenye simu. Balbu yake iko kwenye boksi, ndani ya droo ya gari lake, na hajasema atairudisha dukani.

Mimi naishi Section 58, bedsita moja, na hulala mapema. Nilikuwa nimevunja kitawi cha ule mmea wa mama, nikakiacha kikauke jeraha siku mbili, nikakipanda kwenye kikombe kilichovunjika mkono. Sikukifanyia lolote la ziada. Mwezi wa sita kilitoa kishada cha kwanza, rangi ile ile ya chungwa. Sikuituma picha kwenye grupu la familia. Nilijua kaka angeifanya ushahidi.

Mama alikuja Jumapili moja kutoka kanisani, akakiona kabla hajaketi. Alikisogelea, akahesabu maua kwa kidole, yaliyofunguka na yaliyofumba.

"Wewe unalala saa ngapi?"

"Saa tatu, saa tatu na nusu."

"Na unazima?"

"Nazima."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akachomeka kidole kwenye udongo, akakitazama, akakipangusa kwenye leso. "Bado kuna maji," akasema. "Usiimwagilie mpaka Alhamisi."